Bunkeya, Lofoi, Kiubo au Tshangalele: kuchagua safari moja katika bonde la Lufira

Mtu wa Lubumbashi anayetaka kuitoa familia yake mjini kwa siku tatu au nne hakosi mahali pa kwenda. Taabu yake ni kuchagua. Mzee wa nyumba atataja Bunkeya, kwa kuwa alisimuliwa habari za mfalme Msiri tangu utotoni. Vijana watataka Lofoi, ambako maji hudondoka kutoka genge refu kuliko jengo lolote walilowahi kuliona. Jirani aliyewahi kufanya kazi upande wa Mitwaba atasema kwamba hakuna kama Kiubo. Na mwenye gari, ambaye ndiye atakayenunua mafuta na kubadilisha tairi, atauliza kwa nini wasiende tu Tshangalele na kurudi jioni. Wote wanne wana hoja. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, likizo ikapita, na watoto wakarudi shuleni wakiyajua maporomoko ya Victoria Falls kwa picha kuliko wanavyoujua mto unaopita karibu na Likasi. Jambo hilo linanihuzunisha kwa kweli, na ndilo lililonifanya niandike ulinganisho huu.

Mahali hapa panne sikupachagua ovyo. Pote panahusiana na mto mmoja. Lufira huanza karibu na mpaka wa Zambia, hutiririka kuelekea kaskazini, na mwishowe hujiunga na Lualaba katika bonde la Upemba. Anayeufuata tangu juu atakutana kwanza na ziwa Tshangalele na bwawa la Mwadingusha. Kisha ataingia kwenye tambarare ambako Bunkeya iko upande wa magharibi na milima ya Kundelungu, yenye maporomoko ya Lofoi, iko upande wa mashariki. Halafu, mbali zaidi, atafika Kiubo, ambako Lufira yenyewe inaanguka. Kwa hiyo msomaji anachagua sehemu ya mto ule ule, na akipenda anaweza kurudi mwaka mwingine kuona sehemu iliyobaki.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila mahali kwa mambo matano: njia na majira ya kwenda, kinachoonekana kwa macho, historia na maana ya mahali kwa wenyeji, adabu inayotakiwa, na maandalizi pamoja na matumizi. Sikutoa alama za uzuri, kwa sababu aliyekwenda kutafuta kaburi la mfalme hawezi kushindanishwa na aliyekwenda kusikia maji. Nimeyaweka majira mbele kwa makusudi. Watu wengi huchagua mahali kwanza, kisha hutafuta tarehe, na hapo ndipo safari huharibika, kwa kuwa katika Katanga tarehe ndiyo inayoamua kama utaona ulichokifuata.

Njia na majira

Mvua zetu huanza kushika mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Barabara kuu ya Lubumbashi kwenda Likasi, ya kilomita 120 hivi, ina lami, nayo hupitika mwaka mzima ukishalipa peaje, yaani ushuru wa barabara. Tofauti kati ya mahali hapa panne huanza pale unapoiacha lami hiyo.

Tshangalele ndiyo rahisi kuliko zote. Unaiacha barabara kuu upande wa Kapolowe kabla ya kufika Likasi, na kipande cha udongo kinachobaki hakimtishi dereva mwenye subira. Unaweza kuondoka alfajiri, ukala samaki mchana kando ya ziwa, ukalala nyumbani kwako. Hakuna kati ya zile tatu nyingine inayokupa nafasi hiyo.

Bunkeya iko kaskazini mwa Likasi, katika eneo la Lubudi. Tangu mikoa igawanywe mwaka 2015, eneo hilo liko katika mkoa wa Lualaba, kwa hiyo anayetoka Lubumbashi huvuka mpaka wa mkoa na inafaa awe na karatasi zake zote za safari na za gari. Wakati wa kiangazi gari lililo juu kidogo hufika bila shida kubwa. Wakati wa mvua, udongo wa tambarare ya Lufira hugeuka tope zito linaloshika magurudumu, na safari ya saa chache inaweza kumaliza siku nzima. Hapa kuna mgongano ambao lazima msomaji aufikirie mapema: siku kubwa ya Bunkeya, ambayo Bayeke, watu wa Msiri, huiadhimisha kila mwaka kumkumbuka mfalme wao, ni tarehe 20 Desemba, yaani katikati ya mvua.

Lofoi ina mgongano wa namna hiyo hiyo, na kwa maoni yangu ni mkali zaidi. Mto Lofoi ni mdogo, unakusanya maji yake juu ya uwanda wa Kundelungu, na hauna akiba kubwa ya kuulisha wakati wa kiangazi. Niliwahi kufika pale mwezi wa Oktoba, baada ya safari ya kuchosha, nikakuta uzi mwembamba wa maji ambao upepo uliupeperusha kabla haujafika chini. Genge lilikuwa la ajabu vilevile, lakini mtoto wangu aliuliza maporomoko yako wapi, na sikuwa na jibu zuri. Ukitaka kuyaona maji yakiwa na nguvu, nenda yakiwa bado yanakumbuka mvua. Ukitaka barabara iwe kavu, subiri. Mlango kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba: mwisho wa Aprili, Mei, na mwanzo wa Juni.

Kiubo ni mbali zaidi, na barabara ya upande wa Mitwaba ni ndefu na yenye kuchosha kwa majira yote. Hata hivyo Kiubo ina faida ambayo wengi hawaifikirii. Kinachoanguka pale ni Lufira yenyewe, mto mkubwa uliokwisha kupokea maji ya vijito vingi, wala si kijito cha mlimani. Hupungua wakati wa kiangazi, lakini haunyamazi. Kwa hiyo mwenye likizo mwezi wa Julai au Agosti, ambaye Lofoi ingemsikitisha, Kiubo ingempokea vizuri, na barabara nayo ingekuwa kavu.

Kinachoonekana kwa macho

Nianze na Lofoi, kwa sababu mwenye macho hawezi kuipita haraka. Uwanda wa Kundelungu umejengwa kwa matabaka ya mawe yaliyolala karibu sawasawa, moja juu ya lingine, na ukingo wake umekatika kama ukuta. Mto unatembea polepole juu ya majani ya uwanda, halafu ardhi inaisha ghafla chini yake. Vitabu hutoa vipimo vinavyotofautiana kidogo, lakini vyote huvuka mita 300, na maporomoko haya huhesabiwa miongoni mwa marefu zaidi ya mruko mmoja katika Afrika. Namna ya kuyaona hubadilisha kila kitu. Ukisimama juu, unaona maji yakitoweka na bonde la Lufira likitandazwa mbele yako hadi macho yachoke; ukisimama chini, unaona ukuta na unalowa. Wachache hupata vyote viwili katika safari moja, kwa hiyo waulize waongozaji mapema ni upande upi unaofikika wakati huo.

Juu ya uwanda wenyewe kuna mbuga ya nyasi fupi na upepo wa baridi, na kwenye miteremko kuna miti ya miombo. Wanyama wakubwa wamepungua sana kwa sababu ya ujangili wa miaka mingi. Anayekwenda Kundelungu akitarajia kuona makundi ya wanyama kama ya Serengeti atarudi na huzuni. Anayekwenda kwa ajili ya ardhi, anga na ndege atarudi ameshiba.

Kiubo ni pana. Pale Lofoi huangusha uzi mrefu, Kiubo huangusha pazia: maji yanashuka kwa upana wa mto, yakigawanyika kwenye miamba na visiwa vya majani, na mvuke wake huweka kijani kandokando hata nyasi za mbali zinapokuwa zimeungua. Wapenda picha huniambia kwamba Lofoi ni ngumu kupiga kwa sababu haingii yote katika kioo cha kamera. Kiubo haina shida hiyo.

Bunkeya, kwa mgeni asiye na historia kichwani, ina vitu vichache vya kuonyesha, na ni haki kusema hivyo waziwazi. Usitarajie kuta za mawe wala minara. Mji wa Msiri ulijengwa kwa udongo, miti na nyasi, ukazungushiwa uzio wa magogo, na vitu hivyo havidumu miaka 130. Utaona mji mdogo wa tambarare, vilima, makao ya Mwami, yaani mfalme wa Bayeke, na kaburi. Kinachobaki hukaa midomoni mwa watu, nacho ni kingi.

Tshangalele ni maji mapana, yenye kina kifupi, matete, mitumbwi ya wavuvi na ndege wengi sana. Jua linapozama upande wa Kapolowe, watoto hunyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Historia na maana ya mahali

Hapa Bunkeya inastahili nafasi kubwa kuliko nyingine, na sitaomba radhi kwa kuipa.

Mwenda Ngelengwa, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Msiri, alitoka Unyamwezi, katika nchi ya Wasumbwa, ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Baba yake alikuwa akifika Katanga kufuata shaba, na mwana akaifuata njia ile ile, akabaki. Katikati ya karne ya 19 alianza kujenga utawala wake kati ya Lufira na Lualaba, na watu wake wakaitwa Bayeke. Bunkeya ikawa njia panda ya Afrika nzima: misafara ya Waswahili ilitoka pwani ya mashariki ikileta nguo na bunduki, na misafara ya Waovimbundu ilitoka Benguela, kwenye bahari ya magharibi, ikileta baruti. Kwa malipo walichukua pembe za ndovu, shaba, chumvi ya Mwashya, na watumwa. Neno hilo la mwisho halipaswi kurukwa. Anayewapeleka watoto Bunkeya awaambie ukweli wote: kwamba mji huo ulikuwa mkubwa na wenye akili ya biashara, na kwamba watu waliuzwa humo. Wageni walioandika juu yake walitaja pia mafuvu ya watu yaliyowekwa juu ya magogo ya uzio.

Basanga, ambao walikuwa wenyeji wa nchi hiyo kabla ya Bayeke, wana masimulizi yao, na hayafanani na yale utakayoyasikia kwenye makao ya Mwami. Waliasi mwaka 1891, na maasi yao yalikuwa yamekwisha kumdhoofisha Msiri wakati Wazungu walipofika kwa wingi. Ukipata nafasi ya kusikiliza pande zote mbili, usiikose, kwa maana hapo ndipo historia ya Katanga inapoanza kueleweka.

Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 1891, Paul Le Marinel alifika Bunkeya kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaacha kituo karibu na mto Lofoi. Mwezi wa Desemba ulifika msafara wa William Stairs, Mkanada aliyeajiriwa na Wabelgiji, ukiwa umetoka pwani ya mashariki pamoja na wapagazi wengi wa Zanzibar. Stairs alimtaka Msiri apandishe bendera ya Dola Huru, naye akakataa. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Omer Bodson wa msafara huo alimpiga Msiri risasi, na Masuka, aliyekuwa upande wa mfalme, akampiga Bodson, naye akafa siku hiyo hiyo. Kichwa cha Msiri kilikatwa kikawekwa juu ya mti. Kilikokwenda baadaye ni swali ambalo Bayeke hawajaacha kuliuliza, na ukikaa nao usiku mmoja utasikia majibu zaidi ya moja. Mwanawe Msiri, Mukanda-Bantu, alirithi kiti, akatawala chini ya Wazungu hadi alipofariki mwaka 1910. Ukoo huo haukutoweka katika siasa: Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960, alikuja kuwa Mwami wa Bayeke mwaka 1976 na alifariki mwaka 1992.

Ndiyo maana siku ya 20 Desemba pale Bunkeya si sherehe ya kawaida. Watu huja kutoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kumkumbuka mfu wao, na ngoma zinazopigwa zina uzito wa maombolezo na wa fahari kwa pamoja.

Lofoi, kama nilivyosema, ilikuwa jina la kituo cha kwanza cha Dola Huru katika nchi hii, na wamisionari Waprotestanti waliokuwa Bunkeya, miongoni mwao Dan Crawford, walihamia upande huo baada ya kifo cha Msiri kabla ya kwenda Luanza kwenye ziwa Mweru. Hifadhi ya taifa ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970, nayo iko chini ya ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia hifadhi.

Kiubo iko kwenye mlango wa nchi nyingine, ile ya Upemba, ambayo hifadhi yake ya taifa ilianzishwa mwaka 1939 na ndimo wanamobaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Katika imani ya Baluba, chemchemi, miamba na maporomoko ni makao ya bavidye, yaani roho zinazolinda nchi na watu wake. Mtu anayeliona pazia lile la maji mara ya kwanza, awe na imani gani, huelewa kwa nini wahenga hawakutaka kupita hapo wakipiga kelele.

Tshangalele haina masimulizi ya kale ya namna hiyo kwa sababu ziwa lenyewe ni kijana. Pale Mwadingusha palikuwa na maporomoko ambayo Wabelgiji waliyapa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe aliyefika Katanga mwaka 1892. Kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, bwawa likazuia maji, bonde likajaa, na nguvu ya mto ikaenda kwenye viwanda vya shaba. Anayetaka kuelewa jinsi Lubumbashi ilivyojengwa atajifunza pale kuliko darasani: maporomoko ya asili yalitolewa ili mji upate umeme. Tangu mwaka 1982 bonde la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za baiolojia, na mwaka 2017 likaingia pia katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima na kukuta madini mazito katika maji na samaki, kwa kuwa maji yanayopita kwenye viwanda vya Likasi huishia humo. Uzuri wa ziwa ni wa kweli, na jeraha lake pia ni la kweli.

Adabu na miiko

Bunkeya ndiyo inayodai adabu nyingi zaidi. Haifai kuingia, kupiga picha na kuondoka. Mtume mtu mbele, au fika kwanza kwa wazee wa makao, jitambulishe, sema mnatoka wapi na mmekuja kwa nia gani. Zawadi ya heshima hutolewa kwa mikono miwili. Kiasi chake waulize wenyeji, usikadirie kwa macho ya mjini. Mama na binti wavae kitambaa kinachopita magoti. Kaburini usipige picha mpaka uambiwe.

Kiubo na Lofoi hudai adabu ya namna nyingine, ambayo ni kutii waongozaji. Wakikuambia usioge sehemu fulani au usipige kelele mahali fulani, usidai maelezo ya kitaalamu. Mara nyingi mwiko wa mahali pa maji umeokoa watu ambao kibao cha onyo kisingewaokoa, na mawe yaliyolowa kwenye ukingo wa genge hayasamehe. Pale Mwadingusha tahadhari ni moja tu: usipige picha za bwawa wala mitambo, kwa maana hayo ni mali ya ulinzi, na askari hatakuwa na kosa akikuzuia.

Maandalizi na matumizi

Kwa Tshangalele unahitaji gari, maji ya kunywa, mkeka na pesa ya samaki. Hakuna zaidi.

Kwa Bunkeya beba chandarua na uwe tayari kulala kwa wenyeji au kwenye nyumba za misheni, mahali pa kawaida pasipo na anasa. Panga usiku mmoja angalau. Hadithi hazisimuliwi mchana watu wakiwa mashambani.

Lofoi na Kiubo ni safari za kujitegemea. Hema, unga wa bukari (ugali), makaa au jiko la gesi, dumu la mafuta ya ziada, tairi mbili za akiba, kamba ya kuvutia gari na jembe. Kwa Lofoi malizana kwanza na ofisi ya ICCN mjini Lubumbashi kuhusu kiingilio, ruhusa na askari wa hifadhi atakayewaongoza. Kufika bila barua kumewarudisha wengi njiani. Kwa Kiubo, pamoja na maandalizi hayo, uliza habari za usalama wiki ile ile unayoondoka. Upande wa Mitwaba uliteseka sana kwa vita vya Mai-Mai, wapiganaji wa msituni, miaka ya 2000, na hali ya pori hubadilika. Madereva wa malori wanaotoka huko ndio wenye habari mpya zaidi. Magari mawili ni bora kuliko moja, hata kama bei ya mafuta inauma.

Popote uendako nje ya Tshangalele, beba faranga za noti ndogo. Dola iliyochanika kidogo haipokelewi, na mtandao wa kutuma pesa kwa simu hupotea mara tu unapoiacha lami. Matumizi makubwa ya safari hizi ni mafuta na gari, kwa hiyo watu wanane wakichanga Lofoi huwa nafuu kwa kila mmoja kuliko wawili wakienda Bunkeya.

Kila mahali panamfaa nani

Bunkeya inamfaa anayependa kusikiliza: mwalimu, mwanafunzi wa historia, mzee anayetaka kuwaonyesha wajukuu walikotoka, na Mtanzania yeyote anayepita Lubumbashi ambaye angeshangaa kukuta majina ya Kisumbwa katikati ya Kongo. Mtoto mdogo asiye na subira huchoka haraka pale. Lofoi inamfaa mwenye miguu yenye nguvu na moyo wa kuvumilia njia kwa ajili ya saa mbili za kustaajabu. Kiubo inamfaa anayetaka kukaa, kupiga kambi siku tatu na kulala akisikia maji. Haimfai mwenye haraka. Tshangalele inamfaa mwenye watoto wachanga, wazazi wazee, gari dogo au muda mfupi, na mpenda ndege.

Nimeacha mahali pawili ambapo wengine wangepataja. Sanga, kwenye ziwa Kisale, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua mwaka 1957 na 1958 makaburi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ni hazina ya Baluba, lakini mgeni huona kidogo pale, na njia ya maji ni ndefu. Mpala, kwenye ziwa Tanganyika, ambako Mbelgiji Émile Storms alijenga boma mwaka 1883, inahitaji safari yake ya peke yake. Kulinganisha hizo mbili na safari ya siku chache kusingekuwa haki kwa upande wowote.

Kuchagua kwa hali yako

Kama una Jumapili moja tu, nenda Tshangalele, usione haya. Pita Kapolowe, kaa mpaka jua lizame, kisha mweleze mtoto umeme wa nyumbani ulianzia wapi.

Kama likizo yako ni Mei au mwanzo wa Juni na una gari la magurudumu manne yanayovuta, Lofoi ndiyo ya kufikiriwa kwanza, kwa sababu miezi mingine haitakupa maji na barabara kwa pamoja. Likizo hiyo hiyo ikiwa Julai, Agosti au Septemba, nguvu zako zipeleke Kiubo, mradi habari za usalama ziwe njema. Zisipokuwa njema, Bunkeya hupokea wageni vizuri kiangazi chote, na utulivu wake wa wakati huo huwapa wazee nafasi ya kukusimulia bila haraka.

Kama uko na wazazi waliozeeka na wanataka Bunkeya, wapeleke Juni au Julai, mlale Likasi njiani, na siku ya 20 Desemba waachie wenye mifupa migumu. Lakini ikiwa wewe ni kijana, una siku tano, unaweza kusukuma gari kwenye tope bila kununa, na unataka kuiona Bunkeya ikiwa imejaa watu wake, basi ondoka Lubumbashi tarehe 17 Desemba, si 19, lala Likasi, uulize hapo hali ya barabara kwa madereva waliofika jana, na umtume mtu kwa wazee wa makao mapema kusema kwamba mnakuja.